Yule Dada Hakupandisha Mashetani

Novemba 2024 karibu kila grupu la WhatsApp nililomo lilipata video ileile. Msichana amesimama ndani ya bunge, amechana karatasi vipande viwili, ametoa macho, na sauti inayomtoka si ya mtu wa kubembelezwa. Wenzake wanainuka mmoja mmoja, watu waliokuja kutazama kikao nao wanaitikia kutoka juu, Spika uso umemshuka. Kwenye grupu letu la kozi maoni yakawa ya aina moja: "amepandisha", "muiteni mchungaji", "huyu boom limechelewa". Hiyo ya boom ilikuwa kali, sikatai.

Yule dada anaitwa Hana-Rawhiti Maipi-Clarke. Ni Mmaori, mbunge wa New Zealand, na siku ile ya tarehe 14 alikuwa na miaka 22, umri wangu mimi ninayeandika haya huku nikidaiwa kazi mbili za vikundi. Chama chake kilikuwa kimeulizwa kinapiga kura gani juu ya muswada uliotaka kutafsiri upya misingi ya Mkataba wa Waitangi wa 1840, ule waliotia saini machifu wa Kimaori na Taji la Uingereza. Jibu lake lilikuwa haka. Na haka ile ilikuwa hoja kamili, yenye mtunzi, historia na sababu ya kutolewa mahali pale. Ndiyo maana Spika alisimamisha kikao. Hakuna spika anayesimamisha kikao kwa sababu ya burudani.

Naandika haya kwa sababu kwenye rasimu ya ratiba ya Usiku wa Utamaduni wa mwaka huu, iliyobandikwa pale kwenye mbao za matangazo, kuna kipengele kimeandikwa "Haka, ngoma ya vita ya visiwani". Dakika nane, baada ya maonyesho ya mavazi na kabla ya DJ. Mazoezi yao nimeyaona nyuma ya bwalo: sketi za katani, mkaa usoni, ndimi nje, na maneno yasiyo ya lugha yoyote duniani. Anayebwabwaja zaidi ndiye anayeshangiliwa zaidi. Mimi nasema kipengele kile kiondolewe, au kifanywe kwa namna nyingine kabisa.

Kwanza ramani, maana wengi wetu tukisikia "visiwani" tunawaza Unguja na Pemba. Polynesia ni eneo la Bahari ya Pasifiki lenye umbo la pembetatu: Hawaii kaskazini, New Zealand kusini magharibi, na kisiwa cha Rapa Nui kusini mashariki. Humo wamo Wasamoa, Watonga, Watahiti na wengine wengi, ambao wahenga wao walifika huko kwa mitumbwi wakisoma nyota na mawimbi. Ni mbali, lakini si mbali kama unavyodhani. Kimaori na Kimalagasi, lugha ya majirani zetu wa Madagascar, ni matawi ya ukoo mmoja wa lugha: tano kwa Kimaori ni rima, kwa Kihawaii na Kisamoa ni lima, kwa Kimalagasi ni dimy. Hata ngalawa zetu, zile zenye mbao pande zote mbili za kuzuia zisipinduke, wataalamu wengi wanazihusisha na mabaharia wa ukoo huo waliovuka Bahari ya Hindi. Na hilo neno tatuu lililobandikwa kwenye kila saluni ya mjini linatokana na tatau ya Tahiti na Samoa. Waingereza walilichukua kwenye safari ya James Cook, aliyefika Tahiti mwaka 1769, na sisi tukalipokea kwao. Tunalitumia kila siku bila kujua tumelikopa wapi.

Turudi kwenye haka. Kwa Kimaori neno hilo ni pana. Ipo haka ya kupokea wageni, ipo ya msibani, ipo ya harusini, ipo ya kumpongeza aliyehitimu, ipo ya kulalamikia serikali. Ya vita ni aina moja tu kati ya hizo. Wanawake wanacheza, watoto wa shule ya msingi wanacheza. Kinachozifunga zote pamoja ni maneno. Mwili mzima, kuanzia vidole vinavyotetemeka mpaka macho yanayotoka, kazi yake ni kuyabeba maneno yanayotamkwa. Ukiyaondoa maneno unabaki na mtu mzima anayejipiga mapaja mbele za watu.

Ile inayojulikana zaidi, Ka Mate, ambayo ndiyo iliyoanzishwa bungeni siku ile, ilitungwa karibu na mwaka 1820 na Te Rauparaha, mkuu wa kabila la Ngati Toa. Alikuwa anawakimbia maadui. Wenyeji wake wakamficha kwenye shimo la kuhifadhia kumara, yaani viazi vitamu, karibu na ziwa Rotoaira, na mwanamke akakaa juu ya mdomo wa shimo. Wanaomtafuta wakafika, wakapita. Te Rauparaha alipotoka kwenye giza akaliona jua, akatunga. Kwa hiyo haka ambayo dunia nzima inaiona ya kutishia adui, kiini chake ni mtu aliyekuwa anahesabu pumzi zake shimoni halafu akatoka hai. Sasa fikiria imetamkwa bungeni na binti ambaye watu wake wanaambiwa mkataba wao uandikwe upya. Utaona kwa nini waliokuwa juu waliinuka bila kuambiwa.

Mwaka 2014 Bunge hilohilo lilipitisha sheria maalumu kwa ajili ya haka hiyo moja. Inawatambua Ngati Toa, na inataka anayeichapisha kibiashara au kuionyesha kwenye filamu aseme wazi kwamba mtunzi ni Te Rauparaha. Basi. Haidai mrabaha. Niliposoma nilirudia mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Watu walidai kwa miaka mingi, na kitu walichokitaka kiandikwe sheriani ni jina la mtunzi litajwe. Najua sheria hiyo haifiki huku kwetu, na wala sijasema kundi letu lipelekwe polisi. Nasema kama wenye mali wameomba kitu kidogo namna hiyo, sisi ni nani wa kushindwa kukitoa?

Wapo watakaosema: mbona hata timu yao ya raga inaifanya kabla ya mechi, watu wanakula popcorn? Swali zuri, kwa sababu historia ya timu hiyo inanisaidia mimi. All Blacks walikuwa wakicheza haka tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kwa muda mrefu waliicheza vibaya. Tafuta picha za mechi yao na Barbarians pale Cardiff mwaka 1973. Kila mtu ana mdundo wake, mwingine mikono iko juu wenzake iko chini, utadhani wanafukuza nzi. Ilibaki hivyo mpaka miaka ya 1980, wachezaji wawili Wamaori, Wayne Shelford na Hika Reid, walipotaka ifanywe sawasawa au iachwe. Wenzao wakafundishwa maneno, maana na mwendo. Hiyo mnayoiona leo kwenye simu ikiwasisimua ni matunda ya mafunzo. Na mwaka 2005 wakaongeza mpya kabisa, Kapa o Pango, iliyotungwa na Derek Lardelli, mtaalamu wa Kimaori. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nataka utamaduni uwekwe kwenye kabati la kioo. Wenyewe wanatunga mpaka leo.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi sisi wanachuo ni cha Chuo Kikuu cha Auckland, na nashangaa hakifundishwi kwenye vyuo vyote vya dunia.

Pale Auckland wanafunzi wa uhandisi walikuwa na desturi. Kila mwaka wakati wa sherehe za mahafali walicheza "haka" yao ya kuchekesha: sketi za nyasi, miili imechorwa michoro ya matusi, maneno yamegeuzwa kuwa uchafu. Waliifanya kwa miongo. Wanafunzi wa Kimaori walilalamika mwaka baada ya mwaka. Majibu waliyopewa tunayajua bila kuambiwa, kwa sababu ndiyo haya tunayotoa na sisi: ni utani tu, ni mila ya kitivo, mbona mnakuwa wazito. Tarehe 1 Mei 1979, wahandisi wakiwa mazoezini, kundi la vijana wa Kimaori na wa visiwa vingine vya Pasifiki lililojiita He Taua liliingia ukumbini kuwazuia. Ikawa vurugu ya dakika chache. Wapo walioumia. Wanaharakati wakakamatwa, wakapelekwa mahakamani, na nchi nzima ikabishana. Mmoja wao, Hone Harawira, miaka mingi baadaye akawa mbunge. Na ile haka ya kuchekesha haikurudi tena.

Ngumi sizisifu. Ninachokitazama ni ile miaka iliyotangulia, miaka ambayo barua, maombi na mazungumzo ya heshima hayakusogeza kitu. Wahandisi wale hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walikuwa vijana wa chuo waliokuwa na sauti kubwa ukumbini, wakiwacheza watu ambao nyumbani kwao haka hiyohiyo ilikuwa imewasindikiza babu zao kaburini. Hakuna aliyewahi kuwalazimisha kulijua hilo. Sisi hatuna Mmaori hapa chuoni wa kutulalamikia. Wengine wanaona hilo ndilo linalotupa ruhusa. Mimi naona linatuongezea kazi, maana hatuna wa kutushika mkono tunapokosea.

Sasa nizungumze kama mwalimu mtarajiwa. Haka haikubaki hai kwa bahati, ilipita kwenye tundu la sindano, na tundu hilo lilikuwa shule. Sheria ya Shule za Wenyeji ya 1867 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia watoto wa Kimaori, na vizazi kadhaa vya watoto vikachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Nimefanya BTP mwaka jana kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Mwanafunzi akikamatwa anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, fundi wa vitendawili mpaka wapishi wa jikoni wanamwita awachekeshe. Darasani alikuwa bubu. Muhula mzima sikumsikia akijibu swali kwa hiari yake. Kwa hiyo niliposoma habari za shule zile za karne ya kumi na tisa, sikuhitaji kuelezwa kilichokuwa kinaendelea kichwani mwa mtoto.

Ukiiua lugha, sanaa inabaki ganda. Wamaori waliligundua hili mapema, na hapa naomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wasome polepole, kwa sababu waliolianzisha walikuwa wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa kundi la Nga Tamatoa kule Auckland, pamoja na chama cha lugha ya Kimaori cha Chuo Kikuu cha Victoria pale Wellington, walizunguka wakikusanya saini kutaka Kimaori kifundishwe shuleni. Walipata zaidi ya 30,000. Tarehe 14 Septemba 1972 ombi likafikishwa bungeni na dada aliyeitwa Hana Te Hemara. Huyu naye Hana. Mwaka 1982, karibu na Wellington, ikafunguliwa kohanga reo ya kwanza, maana yake kiota cha lugha: bibi na babu wanakaa na watoto wadogo, wanaimba nao, wanakula nao, wanawafokea, yote kwa Kimaori. Baada ya miaka michache viota vilikuwa mamia. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi.

Watoto wa viota vile ndio waliojaza majukwaa. Tamasha kubwa la vikundi vya haka na nyimbo, Te Matatini, hufanyika kila baada ya miaka miwili. La Februari 2025 lilifanyika New Plymouth. Na kwa sekondari kuna somo linaitwa Te Ao Haka. Linatahiniwa, na linahesabika kwenye sifa za kuingia chuo kikuu. Yaani mtoto anakaa chini anasoma utunzi, historia, mwendo wa mwili na maana, kisha anapimwa kama anavyopimwa kwenye hesabu. Wenzangu wa mitaala mtauliza: sanaa ikitiwa kwenye mtihani haitakauka kama vilivyokauka vitu vingine tulivyokariri? Hofu hiyo ninayo. Lakini bado ningechagua hofu hiyo kuliko hali ya ngoma kuwa kitu cha kumchezea mgeni rasmi juani kwa saa tatu, halafu watoto wanapewa soda.

Hawaii njia ilikuwa ngumu zaidi. Hula yao ilipigwa marufuku hadharani mwaka 1830 na malkia Kaahumanu, baada ya kupokea Ukristo. Mfalme Kalakaua akairudisha kwa fahari kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Miaka kumi baadaye ufalme ukapinduliwa, 1896 sheria ikaifanya Kiingereza kuwa lugha ya shule, kisha ikaja hoteli. Hula ikawa dada anayetabasamu kwenye kadi ya posta. Walioiokoa ni walimu waliosisitiza kwamba hula inaanza na shairi, na asiyeyajua maneno hachezi. Leo Hilo kuna tamasha la kila mwaka linalobeba lakabu ya Kalakaua, Merrie Monarch, na tiketi zake ni vita. Na walipotaka kuirudisha lugha yao kwa watoto, mwaka 1984, mfano waliouiga ulikuwa kile kiota cha Wamaori.

Rafiki yangu wa uhandisi (ndiyo, naye wa uhandisi, na yumo kwenye kundi la haka) aliniambia hivi: "Kwa hiyo mtu asicheze cha mwenzake? Mbona Wazungu wanacheza singeli?" Wacheze. Singeli inachezwa ili ichezwe. Lakini hata kwetu kuna vitu mtu havigusi ovyo. Hakuna anayechukua nyimbo za jando na kuziweka kabla ya DJ, na hakuna aliyehitaji sheria ya bunge kulijua hilo. Akaniambia tena: wenyewe si wanawachezea watalii hotelini? Wanawachezea, na wengine wao wanalalamika juu ya hilo. Ila mtu kuuza maembe ya shambani kwake hakukupi wewe ruhusa ya kukata matawi.

Kule Samoa mwanamume akianza kuchorwa pe'a, tatau inayotoka kiunoni mpaka magotini, anatarajiwa amalize. Inagongwa kwa vifaa vya mkono, inauma siku nyingi, na ndugu wanakaa pembeni yake wakimwimbia na kumtia moyo. Anayekatiza njiani anabaki na aibu mwilini maisha yake yote. Wamisionari wengi waliipinga, Wasamoa wakaendelea. Huwa nawakumbuka nikisikia mtu anasema utamaduni ni "mambo ya mavazi".

Na yule dada? Muswada alioupinga ulifia bungeni Aprili 2025, kura 112 dhidi ya 11. Kabla ya hapo, siku chache baada ya video, watu wapatao 42,000 kwa hesabu ya polisi walikuwa wameandamana mpaka nje ya bunge. Yeye alilipa. Juni 2025 alifungiwa siku saba asikanyage bungeni, na viongozi wawili wa chama chake siku 21 kila mmoja. Wabunge wenzake waliona haka yake ni jambo zito kiasi cha kutoa adhabu. Sisi tumeipangia dakika nane za kuchangamsha ukumbi.

Kamati ya utamaduni inakaa Alhamisi saa kumi jioni, chumba kilekile juu ya kantini. Nimeomba dakika tano na nimekubaliwa tatu. Kundi la haka wakitaka kuendelea, niko tayari kukaa nao: maneno ya Ka Mate na maana yake yanapatikana, video za Te Matatini zipo, wiki tano zinatosha kujifunza kitu kimoja vizuri. Sketi na mkaa vibaki hosteli, na mshereheshaji amtaje Te Rauparaha na Ngati Toa kabla mguu wa kwanza haujakanyaga jukwaa. Wasipotaka, hizo dakika nane zina mtu. Yupo binti wa mwaka wa pili, wa jiografia, anayepiga zeze la Kigogo alilofundishwa na babu yake. Kwenye usaili alikataliwa kwa sababu eti halichangamshi. Nimemuuliza, amesema atakuja.